Wiki Sita za Gesare

Mimi ndiye niliyeanza. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine, kwa sababu leo ukipanda hadi orofa ya tatu pale ofisini kwetu Kisii mjini, ukauliza ni nani aliyewatoa maprograma kwenye zana za leseni akawaingiza kwenye zana huria, watakujibu wote pamoja: Gesare. Hata askari wa mlangoni, ambaye hajui zana huria ni mnyama gani, atakuambia Gesare.

Jina langu ni Ogoti. Shule niliipata vipande vipande. Darasa la saba nilimalizia Nyamira, halafu nikakaa miezi fulani kwa fundi wa taipureta Kisumu, halafu Mombasa, ambako nilifundishwa kufungua kompyuta na kuifunga bila kubaki na skrubu mkononi. Nikaenda Kampala, Arusha, Mwanza. Katikati kuna mihula miwili ya chuo cha ufundi ambacho sikukimaliza, maana mimi nikikaa mahali mwaka mmoja naanza kuangalia barabara. Kuandika programu nilijifunza katika saiba moja ya Bukoba, duka la kukodisha kompyuta, kwa kitabu kisicho na jalada. Nilipofika umri ambao wenzangu wanastaafu ndipo nikarudi kwetu Magwagwa na kupata kazi Chipukizi, kama fundi wa mitambo. Si programa. Fundi. Printa ikikwama ni mimi, waya ukiliwa na panya ni mimi.

Chipukizi ni kampuni ndogo. Inaandika programu za kupokelea majani ya chai vituoni. Mkulima analeta gunia, karani analitundika kwenye mizani, uzito unasafiri kwa waya hadi kwenye mashine ya mkononi, na mashine inatoa karatasi. Maprograma ni watano. Mkubwa wao ni Nehemiah Nyamongo, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni kubwa Nairobi na hataki mtu asahau. Shati jeupe, mikono imefungwa vifungo, kadi ya kazi inaning'inia shingoni hata akienda sokoni kununua mboga.

Zana waliyokuwa wakitumia kuandikia programu ilitoka ng'ambo. Kila programa na leseni yake, na leseni ikiisha zana inajifunga, hata kama uko katikati ya sentensi. Ndani yake huruhusiwi kuchungulia. Zana huria si hivyo. Unaichukua bure, unaitumia, unaifungua uone ilivyoshonwa, ukikuta kosa unalirekebisha na kuwapelekea wengine wote wanaoitumia duniani. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia. Miaka minane.

Niliwaambia wakati wa chakula. Niliwaambia nikiwa nimeshika printa yao mikononi, imefunguka, hawana pa kukimbilia. Nilichapisha karatasi nikabandika mlango wa choo. Niliwaambia kwamba wao ni watumwa wa watu wasiowajua, kwamba mtu mzima anayetumia jembe asiloruhusiwa kulinoa ni mtoto. Wakanipa jina: Mzee wa Bure.

"Mzee wa Bure," Nehemiah alikuwa akiniambia, akipangusa miwani yake polepole, "hii yako ikiharibika, nitamshtaki nani?"

"Unairekebisha mwenyewe!"

"Mimi nina kazi. Kurekebisha ni kazi ya watu walio na wakati."

Na hao wengine wanacheka. Orpah anacheka. Ian, ambaye nilimwekea mtandao mpaka chumbani kwake, anacheka.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mkurugenzi wetu Duncan Angwenyi akaniita. Leseni zinaisha mwisho wa mwezi wa sita, akasema. Ama wachukue miaka mitatu mingine, ama wahame. Lakini yeye hatamlazimisha mtu. Maprograma wenyewe wakubali, na Nehemiah akiwa wa kwanza. Mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa koti. Sijui ni nani aliyenong'oneza damu yangu kwamba siku imefika, lakini koti nilikuwa nimevaa.

"Kwa hivyo tunahitaji mtu wa kuwashawishi," akasema Duncan.

"Niko tayari," nikasema.

Akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kitu. "Mzee Ogoti, nimepata mtu. Anaanza Jumatatu. Wiki sita."

Ndiye Gesare Nyanchoka. Umri wake labda thelathini na moja, mzaliwa wa upande wa Masimba, amesomea Eldoret, amefanya kazi Nairobi na mashirika yenye vioo kila upande. Alipoingia alinipita kwanza mimi pale nilipokuwa nimechuchumaa na waya, akasimama, akarudi, akainama kidogo na kunipa mkono, wa kushoto ukishika kiwiko.

"Bwakire, tata."

Umeamka vizuri, baba. Nilikasirika zaidi. Angekuwa na dharau ningepata mahali pa kumshikia.

Nikangoja hotuba yake. Nilitaka nisikie yeye atasema nini ambacho mimi sijasema. Hakusema kitu. Alivuta kiti karibu na Orpah akauliza, "Dada, kazi gani hapa unaichukia kuliko zote?"

Orpah hakufikiri hata kidogo. "Alhamisi."

Kila Alhamisi Orpah alikuwa akipokea kazi ya wenzake wanne kwenye flashi na kuiunganisha na yake kwa macho, mstari kwa mstari. Faili zinaitwa *mwisho*, *mwisho kabisa*, *mwisho ya Ian usiguse*. Kuna Alhamisi nilimwona akilia. Gesare alikaa naye siku mbili, akamwekea programu huria ya kutunza matoleo, inayokumbuka nani aligusa mstari gani, lini, na kuunganisha yenyewe. Alhamisi iliyofuata Orpah saa nne asubuhi alikuwa amemaliza. Akazunguka ofisi nzima akisema, "Jamani nifanye nini sasa? Nifanye nini na mikono yangu?"

Programu hiyo hiyo ndiyo niliyobandika mlangoni mwa choo. Hiyo hiyo! Na picha niliweka.

Siku ya pili Orpah akamletea Gesare kichana cha ndizi mbivu kutoka kwao. Miaka minane, mimi hata ganda.

Halafu Gesare akaanzisha kitu chake cha Jumatano. Watu wote watano wanahamia meza ya mmoja, wanashughulika na shida ya huyo mmoja mpaka chakula cha mchana. Jumatano inayofuata, meza ya mwingine. Kila mtu anakuja na kompyuta yake. Nehemiah alisimama mlangoni siku ya kwanza, amekunja mikono.

"Sasa hii si ni egesangio?"

"Ni hiyo hiyo," Gesare akasema bila kuinua kichwa. "Lete jembe lako."

Wakacheka, na Nehemiah akaleta kompyuta yake. Alisema amekuja kutazama tu.

Egesangio naijua kuliko huyo msichana. Nimekua nikiiona. Majirani sita au saba wanaunda kikundi, leo wanalima kwa fulani, kesho kwa mwingine, kila mtu na jembe lake, na mwenye shamba halali kivulini, analima na wenzake. Hakuna anayeanza kwa kusema lake. Mama yangu alikuwa akilima kwa wenzake siku tano ndipo yake ifike. Nilisimama pale na koleo yangu ya waya, nikaelewa kwamba miaka minane mimi nimekuwa nikiwaita watu waje kulima kwangu. Nililielewa vizuri kabisa na halikunisaidia kitu. Liliuma tu zaidi.

Nilianza kuhesabu. Siku moja jina lake lilitajwa mara thelathini na nne kabla ya chakula. Langu mara mbili, zote kwa sababu ya wino. Na mambo aliyokuwa akisema, aliposema, yalikuwa yangu. Wiki ya tatu nilimsikia akimwambia Ian, "Ukiweza kuifungua, huogopi tena." Hiyo nimesema mimi! Nimesema mbele ya huyo huyo Ian, akatafuna chapati na kutazama simu. Sasa alitikisa kichwa kama mtu kanisani. Nilifikiri labda ni sauti, labda ni nywele, labda ni ile shahada. Nilifikiri mambo mengine ambayo siyaandiki.

Kufika wiki ya tano, wanne walikuwa wamehama. Nehemiah bado. Hakukataa, hakukubali, alikuwa kama mtu aliyesimama kwenye kizingiti na viatu mkononi. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, mizani. Programu yetu ilizungumza na mizani kupitia kipande cha programu kilichokuja na ile zana ya leseni. Ukitoka kwenye zana ile, kipande kinabaki nyuma, na mizani inakuwa bubu. Inatuma uzito kwenye waya na hakuna anayejua inasema nini. Gesare alihangaika nayo siku nne. Macho yakawa mekundu.

Nehemiah akatoa hukumu mbele ya wote. "Ijumaa tunaenda kituoni upande wa Itumbe kujaribu na wakulima wenyewe. Mizani ikiongea, sawa. Isipoongea, mimi nachukua leseni yangu miaka mitatu, na hawa wote wanarudi pamoja na mimi. Siwezi kuongoza watu walio na zana mbili."

"Ni haki," Gesare akasema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka.

Kipande cha kuongea na mizani nilikuwa nacho. Nilikiandika miaka mitatu iliyopita. Nilinunua mizani ya zamani ya aina ile ile kwa mfanyabiashara wa Magwagwa, nikaifunga kwenye boriti ya nyumba yangu, nikawa natundika mikungu ya ndizi na kusikiliza waya unasema nini, mpaka nikaelewa lugha yake yote. Kikafanya kazi. Nikakiweka kwenye kabrasha ndani ya laptopu yangu na sikumwonyesha mtu. Mimi, Mzee wa Bure, niliyebandika mlango wa choo kwamba maarifa yafunguliwe! Nilikuwa nangoja siku watakwama, waje wanibembeleze, Nehemiah akiwa mbele. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyokaa kwenye kiti.

Jumatano hiyo Gesare alinifuata hadi chumba cha mitambo.

"Tata, wewe umezishika hizi mizani miaka mingi. Hujawahi kuona njia?"

Laptopu ilikuwa kwenye begi, begi begani.

"Sijaona," nikasema.

"Sawa. Ukiona, niambie." Akaniachia chupa ya soda niliyokuwa sijaomba, akaenda.

Niliinywa ile soda. Nikasema moyoni, acha ashindwe. Wiki moja tu, arudi kwa vioo vyake Nairobi, na sisi tubaki sawa.

Alhamisi jioni, watu wakifunga madirisha, nilimsikia Nehemiah akimwambia, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao, "Hata kesho ikikataa, usijali. Umetufanyia kazi kubwa. Hawa watu wangu wamebadilika." Na Orpah akasema, "Tutakuita tena." Pale ndipo hesabu yangu ilipoharibika. Kumbe hata akishindwa watampenda! Ataondoka ameshindwa na wataendelea kumtaja mara thelathini na nne. Nitakachopata mimi ni miaka mitatu mingine ya leseni, na kila nikifungua mdomo wataniambia, hata Gesare alishindwa, wewe ni nani?

Kwa hivyo nisisifiwe. Sikukitoa kwa wema. Nilikitoa kwa sababu nilitaka nionekane mimi ndiye niliyeokoa.

Ijumaa asubuhi, wakiwa wote ofisini na begi za safari, niliweka laptopu katikati ya meza na kuifungua. Juu kabisa ya kipande nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: OGOTI, MAGWAGWA.

"Mizani itaongea," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Gesare aliinama akasoma mistari kama ishirini. Akaangalia tarehe.

"Iko tangu lini, tata?"

"Miaka mitatu."

"Juzi uliniambia hujaona."

"Nilikuambia."

Alinitazama kidogo. Nilitaka agombe. Angegomba ningemjibu, nilikuwa na majibu. Akasema tu, "Mbuya mono," asante sana, kisha akageukia wengine. "Naiweka mahali petu sote. Kila mtu afungue asome."

"Hakuna haja ya kusoma," nikasema haraka. "Inafanya kazi."

"Lakini Mzee wa Bure," Ian akasema, "si wewe ulisema vitu vifunguliwe?"

Hapo walicheka, mpaka Nehemiah. Na kweli hawakusoma, muda haukuwepo. Waliunganisha mizani ya pale ofisini, wakatundika begi la Orpah, na namba ikatokea kwenye mashine. Orpah alipiga kigelegele. Alinikumbatia mimi. Nakiri nilifurahi kama mtoto, na njia nzima kwenda Itumbe nilikaa kiti cha mbele nikiwaonyesha vilima ambavyo wote walivijua.

Kituo kilikuwa na foleni. Akina mama na wazee, magunia yamelowa umande, karani amesimama na daftari lake endapo mashine itakufa. Gunia la kwanza, kilo kamili, sawa. La pili, kamili pia, sawa. Nehemiah alikuwa amesimama karibu na uso wa mizani, anasoma sindano kwa macho yake kisha anasoma mashine. Huo ndio utaratibu wake, hamwamini hata mama yake mzazi. Gunia la tatu lilikuwa la mama mmoja aliyeitwa Edinah.

"Ngoja," Nehemiah akasema. "Mizani inasema kumi na nne nukta mbili. Mashine inasema kumi na tano."

Mama Edinah alikuwa ameshachukua karatasi yake. "Wacha hivyo hivyo!"

"Mama, kuna makosa."

"Makosa gani? Miaka yote tunaambiwa imepungua, ni unyevu, ni gunia. Leo siku moja imeongezeka, ndio mnataka kutengeneza?" Foleni nzima ikamwunga mkono. "Mashine iko sawa! Msiiguse! Hiyo imeokoka!"

Nehemiah alikuwa ameshakaa juu ya rundo la magunia matupu na kompyuta mapajani, shati jeupe na yote. Mimi nilijua anachotafuta na nilijua mstari wake ni wa ngapi. Nilitamani mvua.

"Hii hapa," akasema. Akasoma kwa sauti, maana nilikuwa nimeandika maelezo pembeni kwa Kiswahili changu mwenyewe. "'Panda juu kila wakati. Nukta ni ya mkulima.'" Akainua uso. "Mzee Ogoti. Nukta ni ya mkulima?"

Wote walinigeukia. Karani pia, na daftari lake.

Nikawaambia. Nilipokuwa mdogo, kituo cha kijijini kwetu kilikuwa na karani aliyekuwa akikata nukta. Kumi na mbili nukta saba inaandikwa kumi na mbili. Tisa nukta tisa ni tisa. Mama yangu hakujua kusoma, lakini sindano ya mizani alikuwa akiiona mahali imesimama, na alikuwa akirudi nyumbani akionyesha kwa kidole hewani: ilikuwa hapa, ikaandikwa hapa. Kila siku ya kupeleka majani. Basi nilipokuwa peke yangu na ndizi zangu na mizani yangu, nikaona nipandishe. Hakuna aliyekuwa pale wa kuniuliza.

"Kwa hivyo ulikuwa unamrudishia mama yako," Nehemiah akasema.

"Ndiyo."

"Kwa kutumia majani ya kila mtu."

Nehemiah alianza kucheka. Huyu mtu miaka minane sijamwona akicheka mpaka kadi ya shingoni ikaruka. Alicheka hadi akavua miwani. "Mzee! Miaka mitatu umekalia hii kitu! Kama ungeionyesha mtu mmoja tu! Mmoja!"

Nilimtazama Gesare, nikitaka nione anafurahia. Hakuwa hata akinitazama. Alikuwa akimtazama Nehemiah, ambaye alikuwa amenyamaza ghafla.

"Ngoja kwanza," Nehemiah akasema, taratibu. "Hii naweza kurekebisha mimi?"

"Nani atakuzuia?" Gesare akasema.

"Sasa hivi? Hapa?"

"Hapa."

Mnajua, kwenye ile zana ya leseni Nehemiah alikuwa amewahi kugundua kosa la tarehe. Aliwaandikia wenyewe ng'ambo. Walimjibu kwamba wamepokea. Wakamjibu tena kwamba wamepokea. Ilichukua miezi kumi na moja, na mwishowe walirekebisha kosa lingine. Sasa alikuwa amekaa juu ya magunia, inzi wanamzunguka, akafuta mstari wangu. Akaandika wake: uzito uandikwe ulivyo, na nukta yake, usipande, usishuke. Akatuma. Orpah akausoma kwenye kompyuta yake hatua tatu kutoka pale, akasema, "Umesahau gunia likiwa tupu," akarekebisha, akakubali. Dakika tisa. Wakatundika gunia la Mama Edinah tena, mashine ikasema kumi na nne nukta mbili.

Mama Edinah akasonya. "Mmeona sasa? Mmeiharibu."

Lakini Nehemiah hakumsikia. Alikuwa amerudi kwenye kipande changu na alikuwa na njaa. Siku ile nzima alikuwa akisoma mistari yangu mmoja mmoja, na kila baada ya muda nasikia sauti kutoka kwenye magunia: "Mzee! Ingine!" Pamoja na lile la nukta, alipata makosa sita. Moja lilikuwa la aibu kweli, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alikuwa akiyarekebisha na kuyatuma, uso unang'aa, mikono ya shati amekunja mpaka kwenye viwiko. Foleni ilipoisha alikuwa bado hajasimama. Aliniambia, "Mzee, wewe unaandika vibaya sana," kwa furaha ambayo mtu huwa nayo akipewa zawadi.

Jumatatu alimwambia Duncan kwamba leseni hataki. Duncan akaitisha watu, wakaleta soda na keki, na Nehemiah akasimama kuzungumza. Akasema Gesare amewafungua macho. Akasema Gesare ni mtu wa subira. Akasema ofisi haitamsahau Gesare. Mimi alinitaja pia, alisema, "na Mzee Ogoti kwa makosa yake," watu wakapiga makofi wakicheka. Nilikula keki. Ilikuwa nzuri.

Ijumaa, wiki zake sita zilipoisha, nilimkuta Gesare akikusanya waya zake. Alikuwa anaenda Nyamira mjini, kampuni nyingine, wiki sita nyingine.

"Nimetazama orodha ya walioandika kile kipande," nikamwambia. "Kuna jina langu. Kuna Nehemiah mara sita. Kuna Orpah. Lako halipo."

"La nini? Sikuandika mstari hata mmoja."

"Na haikuumi?"

Alifikiri kidogo. Namshukuru kwamba alifikiri, hakunirushia jibu la kanisani. "Tata, mimi nikiondoka mahali, nataka wasinihitaji."

Nikaona ni uongo, halafu nikaona si uongo, na hapo wivu ukanishika upya mahali pengine ambapo haujawahi kunishika. Mimi maisha yangu yote nimeondoka mahali nikitumaini wananihitaji. Mombasa, Kampala, Bukoba. Hakuna aliyewahi kunitafuta.

"Lile kabrasha," akasema, akifunga begi. "Ndani kuna vipande vingine?"

"Hakuna."

Akangoja.

"Viko," nikasema.

"Ngapi?"

"Arobaini na kimoja."

Hakusema nivitume. Hakusema kitu chochote kuhusu kuficha, na nilikuwa nangoja aseme, nimkasirikie. Alinipa mkono ule wake wa heshima, akashuka ngazi.

Alhamisi iliyofuata, nikiwa nabadilisha wino, Orpah alikwama. Chapa ya karatasi za vituoni ilikuwa inakata jina la mkulima likiwa refu. Alichukua simu. "Gesare dada, habari ya Nyamira? Sikia, nina shida..." Mimi nilikuwa umbali wa mkono. Tatizo lile nililijua; kipande chake nilikuwa nimekiandika mwaka juzi, ni cha kumi na saba kwenye kabrasha. Nilikaa kimya nikimsikiliza akieleza, na upande wa pili nikasikia sauti ndogo ya Gesare ikisema, "Hiyo sijui. Muulize Mzee."

Orpah aligeuka. Nilikuwa na wino mikononi mpaka kwenye vifundo.

Nikanawa. Nikakaa kwenye meza iliyokuwa yake Gesare, ambayo bado hakuna aliyeichukua, nikafungua laptopu. Sikutuma cha kumi na saba peke yake. Nilivituma vyote pale mahali petu sote, kimoja baada ya kingine, bila kusoma tena, kwa sababu ningesoma ningeanza kuvisafisha, na ningevisafisha hadi nife. Ilinichukua asubuhi nzima. Juu ya kila kimoja jina langu lilikuwa pale kwa herufi kubwa, na sikulifuta, sijafika huko.

Upande wa dirishani Nehemiah aliona vinavyoingia. Alisogeza kiti. Akakunja mikono ya shati, wa kulia, wa kushoto, akainamia kioo. Mimi nikakaa nikimtazama mgongo, nikingoja aniambie nimekosea wapi.